Jinsi ya Kuongelea Tamthilia za Uhalifu na za Kisayansi na Marafiki Bila Kumwaga Mtama: Mwongozo Kamili

Niliwahi kumharibia rafiki yangu tamthilia nzima kwa maneno matano: "Subiri ufike sehemu ya sita." Sikumtajia muuaji wala jina la mtu yeyote. Lakini kuanzia hapo aliziangalia sehemu tano za mwanzo kama abiria anayesubiri basi. Mshukiwa aliyekamatwa sehemu ya tatu, alijua si yeye. Hatari ya sehemu ya nne, alijua itapita, maana jambo lenyewe liko mbele. Alipofika ya sita aliniandikia: "Nimeona. Asante." Hiyo asante inaniuma mpaka leo.

Tamthilia za uhalifu na bunilizi za kisayansi zinafanana kwa jambo moja: zote zimesimama juu ya taarifa inayofichwa. Ukiambiwa mapema kwamba wapenzi fulani wataoana mwishoni, bado utafurahia safari yao. Ukiambiwa nani alizika maiti, au chombo kile cha angani kimetoka wapi, kilichobaki ni mifupa. Kwa hiyo kuziongelea kunataka ufundi kidogo, na ufundi wenyewe ni huu: ujue mwenzako anajua nini, kisha umletee tukio, usimletee hukumu. "Ilikuwa kali" na "imeniboa" ni hukumu, na hukumu ikishatolewa kesi imefungwa. Tukio moja ulilolitazama vizuri linaweza kuwaweka macho hadi usiku wa manane.

Hatua ya 1: Julianeni mmefika wapi

Swali la kwanza kabisa, kabla hata ya salamu haijapoa: "Uko wapi?" Jibu litolewe kwa namba. Msimu wa 2, sehemu ya 4, nimeimaliza. Hilo neno "nimeimaliza" lina uzito. Mtu aliyeishia katikati ya sehemu ya nne hajaona dakika kumi za mwisho, na dakika kumi za mwisho ndipo waandishi huficha mabomu yao.

Anayechelewa ndiye mwenye mpaka. Mkiwa watano, na mmoja ameishia sehemu ya pili, mazungumzo yanaishia sehemu ya pili. Ila mpaka huo usiwe wa milele, kwa sababu kuna watu wanaweza kuchukua miezi minne kumaliza msimu na wakategemea dunia iwangoje. Wekeni tarehe. Baada ya tarehe hiyo, asiyemaliza akae pembeni kwa hiari yake.

Wengi wanadhani kumwaga mtama ni kutaja muuaji tu. La. Haya nayo yanamwaga, tena kimyakimya:

Kusema kuna jambo la kushangaza linakuja. Kusema "usimzoee sana huyo." Kutaja kwamba mwigizaji fulani anaonekana vizuri msimu wa tatu, maana yake keshapona risasi za msimu wa kwanza. Kutuma picha ya mhusika akiwa amevaa nguo za jela. Na kibaya kuliko vyote, kucheka mwenzako anapokutajia anayemshuku.

Hili la kucheka lina dawa. Uwe na jibu moja ambalo unalitumia kila mara, mwenzako akiwa amepatia au amekosea: "Kwa nini unamshuku?" Basi. Sauti ileile, uso uleule. Rafiki akisema ni daktari, muulize kwa nini. Akisema ni mdogo wa marehemu, muulize kwa nini. Jizoeze, kwa sababu watu wanaokufahamu wanasoma hata namna unavyovuta pumzi, na "mmh" yako kwenye ujumbe wa sauti ni ushahidi tosha.

Zipo nafsi ambazo hazijali. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti uliokuta kwamba wasomaji waliofunuliwa mwisho wa hadithi fupi walizifurahia zaidi kuliko wasiofunuliwa. Kila mwaga mtama niliyewahi kumkemea amejitetea kwa hoja ya namna hiyo. Walikuwa wakipima hadithi fupi, si msimu wa saa kumi uliokaa nao wiki nane. Halafu anayechagua kujua ni anayeangalia, si wewe. Akiomba, mwambie. Asipoomba, funga mdomo.

Neno kwa waliosoma vitabu. Silo, 3 Body Problem, The Expanse na Slow Horses zote zimetokana na vitabu, na katika kila kundi yupo aliyevisoma. Huyo ana deni la kimya kuliko wote. Apewe ruhusa ya kusema kitu kimoja tu: wapi tamthilia imebadilisha kitabu, na hilo pia aliseme baada ya sehemu husika kupita.

Hatua ya 2: Chagueni tamthilia inayobeba mazungumzo

Tarehe 1 Februari 2013 Netflix ilitoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa mkupuo. Ni rahisi kusahau jinsi jambo lile lilivyovuruga maongezi ya televisheni. Zamani kila mtu alikuwa na wiki nzima ya kubahatisha. Sasa mmoja anamaliza usiku mmoja, mwingine mwezi mzima, na kila mmoja anaishi kwenye kalenda yake.

Kama kundi lenu linaanza, chukueni inayotoka kila wiki. Severance, Pluribus na Slow Horses zimetolewa hivyo, na zile siku saba kati ya sehemu na sehemu ndizo mazungumzo yenyewe. Kama mnayoitaka imetolewa yote kwa pamoja, jiwekeeni kipimo: sehemu mbili kwa wiki, na anayejiibia ya tatu anyamaze.

Anzeni na fupi. Adolescence, iliyotoka Machi 2025, ina sehemu nne tu, na kila moja imepigwa kwa kamera isiyokatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Black Mirror, iliyoanza Uingereza mwaka 2011, ina hadithi mpya kila sehemu, hivyo rafiki mwenye shughuli nyingi anaweza kuruka mbili na kurudi bila kupotea. Msianze na Lost yenye sehemu 121. Naipenda, lakini makundi mengi yamefia njiani.

Hatua ya 3: Angalia ukiwa na karatasi

Si lazima uwe mwanafunzi. Karatasi moja, mistari mitatu kwa kila sehemu: tukio moja lililokushika na dakika lilipotokea, jambo moja lisiloelewana, swali moja. Ukiandika zaidi ya hapo utakosa picha. Dakika ni muhimu kwa sababu mkija kubishana kama mlango ulikuwa wazi au umefungwa, mnarudi palepale, mnaangalia, ubishi unaisha. Au unaanza upya, na huo ndio utamu.

Kuna tamthilia ambazo bila karatasi huwezi. Dark, ya Ujerumani, iliyoanza 2017, inaruka kati ya mwaka 1953, 1986 na 2019, miaka 33 kila hatua, na mtu mmoja anaigizwa na waigizaji watatu kufuatana na umri. Chora familia nne, acha nafasi kubwa katikati, tumia penseli. Utafuta sana. Na kama lugha ya tamthilia huijui, sikiliza sauti ya asili na usome maandishi chini ya picha. Sauti ya kuwekelea inaua kitu kimoja ambacho mpenzi wa tamthilia za uhalifu hawezi kukikosa: kile kigugumizi kidogo cha mshukiwa kabla hajajibu.

Siri ndogo: ule muhtasari wa yaliyopita unaowekwa mwanzoni mwa kila sehemu unavuja. Mhariri akikukumbusha tukio dogo la wiki tano zilizopita, la mtunza bustani akifunga geti, fahamu kwamba geti lile linarudi leo. Kundi letu tuliamua kuuruka. Anayetaka auangalie, lakini asije akajifanya mtabiri.

Hatua ya 4: Anzisha kwa tukio

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanakaa, mmoja anasema "eeh, mliionaje?", wengine wanajibu "iko poa", kimya. Jaribu hivi. Tuseme mmeangalia sehemu ambayo mpelelezi anamtembelea mjane wa marehemu:

"Uliona alipoingia jikoni?"
"Niliona. Alikwenda kunywa maji."
"Vikombe viwili vilikuwa vimeoshwa, vinachuruzika. Na mama kasema alikuwa peke yake tangu asubuhi."
"Labda alikunywa mara mbili."
"Kwa vikombe viwili?"
"Mimi hutumia viwili. Navivia kuosha."
"Lakini vyote vimeoshwa."
"...Hapo umenikamata."
"Na mpelelezi aliviona. Aliviangalia, halafu akamuuliza habari za mtoto."
"Ina maana hakutaka mama ajue kwamba ameona."

Hakuna aliyesema kali wala mbovu. Wa kwanza ameleta kitu kinachoonekana. Wa pili amepinga kwa kutumia maisha yake mwenyewe, na upinzani wake ndio uliomlazimisha wa kwanza aangalie tena: vyote vimeoshwa. Kisha wametoka kwenye vikombe wakaingia kwenye akili ya mpelelezi. Mistari kumi, na tayari wana jambo ambalo kila mmoja peke yake hakuwa nalo.

Ukikosa pa kuanzia, uliza kuhusu mikono. Wahusika wanadanganya kwa mdomo, waigizaji wazuri wanasema kweli kwa mikono.

Hatua ya 5: Maswali ya tamthilia za uhalifu

Kwanza tambueni mnaangalia aina gani, maana swali la aina moja halijibu nyingine. Kuna za nani kafanya. Kuna za atakamatwaje: Columbo, iliyoanza kwa filamu ya televisheni mwaka 1968, ilikuonyesha muuaji akiua mwanzoni kabisa, halafu ukabaki kuangalia mtego ukibana. Poker Face ya 2023 iliurudisha mtindo huohuo. Halafu kuna za kwa nini. Katika Adolescence, swali la kama yule mvulana wa miaka 13 alifanya au hakufanya linajibiwa mwisho wa sehemu ya kwanza, zikabaki tatu za kuuliza imekuwaje. Nilikaa na mtu aliyeimaliza yote akisubiri "muuaji wa kweli" ajitokeze. Alichukia, na sikumlaumu. Aliingia na ufunguo wa mlango mwingine.

Mkishaijua aina, shikeni swali moja linalofanya kazi kuliko yote: nani alijua nini, na alikijua lini? Chukueni mhusika mmoja mmoja. Kaka wa marehemu alijua mlango wa nyuma ni mbovu. Alijuaje? Alijua kabla ya usiku ule, au ameambiwa na polisi? Mara nyingi uongo hauko kwenye kauli, uko kwenye muda. Mtu anataja jambo ambalo kwa saa ile hakutakiwa awe analijua. Waandishi wazuri huzika mistari ya namna hiyo katikati ya ugomvi, ambapo wewe unasikiliza kelele.

Kuna njia mbili za kubahatisha. Ya kwanza ni kutoka ndani ya hadithi: vikombe, mlango, muda. Ya pili ni kutoka nje: huyu ni mwigizaji mkubwa, hawezi kuwa ameitwa kuja kuuza gazeti kwa dakika mbili, zimebaki sehemu tano, kwa hiyo aliyekamatwa leo siye, na ile kanuni yetu ya tangu enzi za kanda, steringi hafi. Njia zote mbili ni halali, lakini mtu aseme ametumia ipi. Ni dhuluma kwa aliyehangaika na ushahidi kushindwa na mtu aliyesoma majina ya waigizaji.

Njia ya nje nayo ina mipaka. The Killing ya Denmark, ya mwaka 2007, msimu wake wa kwanza una sehemu 20 na kila sehemu ni siku moja ya upelelezi. Ukijua hivyo, mshukiwa wa siku ya saba hakutishi. Lakini hapo ndipo ujanja wake: hata asipokuwa yeye, siku hizo zimeshavunja maisha yake, na familia ya marehemu imeshaamini ni yeye. Jambo hilo nalo lijadilini. Katika Broadchurch ya Uingereza, ya 2013, waigizaji wengi hawakuambiwa muuaji ni nani mpaka upigaji picha ulipokaribia mwisho, hivyo kutafuta hatia kwenye nyuso zao hakukusaidii sana. Mtu anaigiza kwa unyofu kwa sababu ni mnyofu kweli.

Kuhusu sayansi ya maabara, mwe na kiasi. Tangu CSI ilipoanza Marekani mwaka 2000, wanasheria wamelalamika kwamba wazee wa baraza wanataka kila kesi iwe na vinasaba na majibu ya papo hapo. Maabara halisi huchukua siku, mara nyingi wiki. Na ile ya kuikuza picha ya kamera ya barabarani mpaka namba ya gari ionekane ndani ya miwani ya mtu, haipo: kompyuta haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukinasa. Litajeni mara moja, mcheke, mwendelee. Rafiki anayesimamisha picha kila dakika tatu kusema "haiwezekani" ataanza kukosa mialiko.

Jambo ambalo makundi mengi yanasahau ni marehemu. Mnaweza kukaa saa mbili mkichambua washukiwa sita bila mtu kutaja jina la aliyeuawa. Jaribuni kuuliza: tunamjua kiasi gani? Alipenda nini? Tamthilia ikishindwa kujibu hilo baada ya sehemu nane, mimi huishusha alama, hata fumbo lake liwe tamu namna gani. Na kama hadithi inatokana na tukio la kweli, punguzeni mzaha. Kuna familia iliyozika mtu.

Hatua ya 6: Maswali ya tamthilia za kisayansi

Anzeni na hili: ni kitu gani kimoja kimebadilishwa? Bunilizi nzuri ya kisayansi huchukua dunia tunayoijua na kugusa sehemu moja, halafu inaacha mawimbi yaende. Mkiweza kukitaja kwa sentensi moja, mnayo hadithi mkononi. Pluribus, iliyoanza Novemba 2025: karibu watu wote duniani wameunganishwa kuwa akili moja yenye furaha, wachache wamebaki nje. Silo, ya 2023: watu wanaishi chini ya ardhi na hawajui waliingiaje.

Severance, iliyoanza 2022: wafanyakazi wamefanyiwa upasuaji unaogawa kumbukumbu, anayeingia ofisini hajui maisha ya nyumbani, anayetoka hajui kazi. Nikae hapa kidogo, kwa sababu sijawahi kuona wazo dogo linalozaa ubishi mkubwa hivi. Fikirieni yule wa ofisini. Hajawahi kulala. Akiingia kwenye lifti jioni, papo hapo anatoka kwenye lifti asubuhi. Kwake hakuna Jumapili. Sasa ulizaneni: yule wa nje akiandika barua ya kuacha kazi, nani amekufa?

Kwenye kundi letu mmoja alisema hakuna aliyekufa, mwili upo, unatembea, unalipa kodi. Mwingine akamuuliza: ukilala leo na kesho akaamka mtu mwingine ndani ya mwili wako, mwenye furaha, utasema wewe upo? Wa kwanza akanyamaza, kisha akaja na jibu ambalo sikulitarajia: basi kila jioni yule wa nje anamnyima mwenzake uhai kwa saa kumi na sita, na hatumwiti muuaji. Tulimaliza usiku ule bila kugusa kabisa kampuni inatengeneza nini, ambalo ndilo fumbo kila mtu alikuwa analikimbilia.

Swali la pili: nani anafaidi na nani analipa? Teknolojia kwenye hizi tamthilia haishuki toka mbinguni. Kuna aliyeinunua, na kuna ambaye mwili wake ndio umetumika. Ukiona hadithi ya roboti ambayo haimtaji mwenye kiwanda, uliza yuko wapi.

La tatu, na hapa msichanganye mambo mawili: je, imevunja sheria za dunia yetu, au sheria zake yenyewe? Mlipuko wa angani wenye sauti ni kosa la sayansi. Pale hakuna hewa ya kubeba sauti. Mimi humsamehe mwongozaji, maana mlipuko bubu hauuzi. Lakini tamthilia ikisema sehemu ya pili kwamba hakuna anayeweza kurudi nyuma kwenye wakati, halafu sehemu ya tisa mtu anarudi kwa sababu mwandishi amekwama, huo ni udanganyifu na haki yenu ni kulalamika. Kwa hiyo mtu akisema "hiyo haiwezekani", muulizeni: kwetu au kwao?

The Expanse, iliyoanza 2015 na kumalizika 2022 baada ya misimu sita, ni shule ya kufuata sheria. Meli ikiwasha injini, watu wanabanwa sakafuni, ikizima, wanaelea. Safari ikifika katikati meli inageuka kinyumenyume ili injini iwe breki. Angalieni pia mazungumzo ya mbali. Ishara kutoka Dunia kwenda Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kutegemea sayari zilivyokaa, hivyo watu wa sayari mbili hawawezi kugombana kama kwenye simu. Mmoja anatuma hotuba, anakaa, anasubiri. Ukishajua hilo, tukio la mtu kusubiri jibu la mkewe linakuwa zito ghafla, na kwenye tamthilia nyingine ambayo wanaongea papo hapo utajua wamekwepa kazi.

Hatua ya 7: Nadharia zenu

Kabla ya sehemu inayofuata, kila mmoja aandike anachotabiri. Mstari mmoja wa utabiri, mstari mmoja wa sababu, na mstari wa tatu ambao watu huukwepa: nikiona nini nitajua nimekosea? Nadharia isiyo na mstari wa tatu haishindwi kamwe, na kitu kisichoshindwa hakina raha. "Wote wako ndotoni" ni ya aina hiyo. Tuliipiga marufuku.

Nadharia za kuokota mtandaoni zitangazwe kuwa za kuokota. Westworld ilipoanza 2016, baadhi ya watazamaji waliokuwa wakichambua pamoja kwenye intaneti walibaini siri yake kubwa wiki kadhaa kabla haijafunuliwa. Waliofanya kazi ile walistahili fahari. Aliyeisoma kwao akaja kuitoa kwa marafiki kama yake aliwaharibia tamthilia, akajipatia na sifa ya wizi. Ubashiri sahihi unamwaga mtama sawasawa na habari ya kweli.

Hatua ya 8: Mkipishana

Neno "hujaelewa" lifungiwe. Mtu akisema imemchosha, muulize alichoka wapi, dakika gani. Mara nyingi atataja tukio ambalo hata wewe ulishika simu. Mpenzi wa uhalifu na mpenzi wa sayansi wakigombana juu ya zamu, chagueni zinazochanganya vyote, zipo tele siku hizi. Na yule asiyeongea, msimlazimishe kutoa maoni. Muulizeni anamhurumia nani. Swali hilo linafungua vinywa.

Hatua ya 9: Kundi la meseji

Kundi moja kwa tamthilia moja. Jina la kundi lenyewe libebe mpaka: "Severance, mwisho msimu wa 2 sehemu ya 3." Anayesogeza mpaka abadilishe jina kwanza.

Mstari wa kwanza wa kila ujumbe uwe namba ya sehemu tu, kisha mistari mitupu kadhaa, kisha maneno, maana simu iliyofungwa huonyesha mwanzo wa ujumbe hata kama mwenyewe hajataka kusoma. Telegram na Discord zina namna ya kufunika maandishi mpaka mtu ayaguse, itumieni. Ujumbe wa sauti ni salama zaidi kwa sababu hausomeki kwa bahati mbaya, ila taja namba kabla hujaanza kupiga kelele. Picha za matukio, hapana. Stika zenye sura za wahusika, tulijaribu, tukajuta.

Hatua ya 10: Kati ya msimu na msimu

Mapumziko yanaweza kuwa marefu. Msimu wa kwanza wa Severance uliisha Aprili 2022, wa pili ukaanza Januari 2025. Katikati kulikuwa na mgomo wa waandishi wa Marekani ulioanza tarehe 2 Mei 2023 na kudumu siku 148, na wa waigizaji uliopishana nao. Baada ya muda huo hakuna anayekumbuka vizuri, na wengi hukimbilia kusoma muhtasari.

Msisome. Siku moja kabla ya msimu mpya, gawaneni wahusika, kila mtu asimulie wa kwake kwa dakika mbili kutoka kichwani, bila kusahihishwa. Mwisho wa zamu zote ndipo mrudi kwenye zile karatasi za mistari mitatu mlinganishe. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo, mmoja wetu alisimulia kwa hisia kali kifo cha mhusika ambaye hajafa. Alikumbuka hadi mvua ilivyokuwa ikinyesha. Tuliziangalia karatasi zake: kaandika mwenyewe, dakika ya 41, "ANAFUFUKA??", akapigia mstari mara mbili.